Ijue vayoleti ya Taita, ua linalopatikana Mbololo pekee duniani

Katika maduka ya maua ya Nairobi, London na Los Angeles huuzwa mmea mdogo wa chungu wenye majani ya mviringo yaliyofunikwa na vinyweleo laini na maua ya zambarau. Wauzaji huuita vayoleti ya Afrika. Watu wengi wanaounua kupamba dirisha hawajui kwamba asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya. Hata hapa Taita Taveta, si kila mkazi anayejua kwamba ndugu mmoja wa mmea huo huota porini katika mlima mmoja tu duniani, nao ni Mbololo.

Somo la toleo hili linaeleza ni mmea wa aina gani, jamaa zake ni wapi na wanaishi wapi, na kwa nini uhai wake unategemea jambo moja ambalo wakazi wanaweza kulilinda: kivuli cha msitu.

UNAVYOUTAMBUA

Vayoleti ya Afrika ni mmea wa kudumu, yaani haufi baada ya msimu mmoja. Ni mfupi, na majani yake huota kwa kuzunguka shina fupi hadi yakafanya kishada kilicholala karibu na udongo au jiwe. Kila jani lina kikonyo kinene chenye maji. Katikati ya kishada hicho hutokea vijiti vyembamba vinavyobeba maua machache.

Ua lina sehemu tano: mbili ndogo juu na tatu kubwa zaidi chini. Katikati huonekana vifuko viwili vya manjano vinavyobeba chavua. Rangi ya kawaida porini ni zambarau inayoelekea buluu, ingawa baadhi ya jamaa zake wana maua meupe au yaliyofifia.

Licha ya jina lake, mmea huu si vayoleti ya kweli. Vayoleti za kweli ni za jenasi ya Viola. Huu wetu ni wa familia nyingine kabisa, Gesneriaceae. Wazungu waliouona mwanzo waliona maua yanayofanana na yale ya kwao, wakauita kwa jina hilo, nalo likashika.

JINA LILIVYOPATIKANA

Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli ya mmea huu katika bustani ya Kew, Uingereza. Mwaka 1887 mmishonari W. E. Taylor, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi yake kuhusu lugha na mashairi ya Mombasa, alipeleka nyingine kutoka pwani. Sampuli hizo zilihifadhiwa bila mmea kupewa jina.

Mambo yalibadilika mwaka 1892. Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga na Usambara, alimpelekea baba yake nchini Ujerumani mmea huu. Baba yake akamfikishia Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland alichapisha maelezo yake na kuupa jina Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni kumbukumbu ya familia ya Saint Paul. La pili lina maana ya mmea wenye maua kama vayoleti.

Katika miaka ya 1920 kampuni ya Armacost and Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche mingi na kuchagua aina kumi zilizopendeza zaidi. Aina hizo ndizo zilizofungua biashara kubwa ya maua haya Marekani. Mwaka 1946 wapenzi wa mmea huu nchini humo waliunda chama chao. Leo kuna maelfu ya aina za kupandwa: waridi, nyeupe, zenye mabaka, na zenye maua yaliyorundikana kama mikunjo ya kitambaa.

Maelfu hayo yote yametokana kwa sehemu kubwa na mimea michache iliyotoka Tanga zaidi ya miaka 130 iliyopita. Jamaa wengine waliobaki milimani, akiwemo wa Mbololo, wana sifa ambazo huenda hazimo kabisa katika mimea ya dukani. Mmea wa porini ukitoweka, hakuna duka linaloweza kuurudisha.

JAMAA ZAKE NA MAKAO YAO

Wataalamu hawajakubaliana daima kuhusu idadi ya spishi. B. L. Burtt wa Edinburgh, aliyechambua kundi hili katika miaka ya 1950 na 1960, alihesabu takriban 20. Mwaka 2006 uchambuzi mpya wa mimea ya Afrika Mashariki uliziunganisha nyingi na kubakisha sita. Chache zimeongezwa baadaye.

Mwaka 2015 yalikuja mabadiliko mengine. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Saintpaulia ni tawi tu ndani ya jenasi kubwa iitwayo Streptocarpus. Kwa hiyo vitabu vipya huandika Streptocarpus, huku wakulima wa maua na wengi wa wapenzi wake wakiendelea na jina la zamani. Mkazi akikutana na majina yote mawili, ajue ni mmea uleule.

Miongoni mwa jamaa wanaojulikana ni hawa:

Saintpaulia ionantha ni mama wa aina nyingi za dukani. Ina nususpishi kadhaa, nyingi zikiwa Usambara na maeneo ya jirani nchini Tanzania. Mmoja wa ukoo huu, rupicola, ni wa Kenya. Huota juu ya majabali ya chokaa katika Kaunti ya Kilifi, pande za Kaloleni na Cha Simba.

Saintpaulia shumensis imeitwa kwa jina la Shume, Usambara Magharibi. Maua yake yamefifia hadi kukaribia weupe.

Saintpaulia goetzeana, pusilla na inconspicua ni za milima ya kusini zaidi, ikiwemo Uluguru karibu na Morogoro. Ni ndogo na si rahisi kuzikuza nyumbani, ndiyo maana hazionekani madukani.

Saintpaulia teitensis ndiyo ya Taita. Burtt aliipa jina mwaka 1958. Wataalamu walipopunguza idadi ya spishi, nyingi zilimezwa na nyingine, lakini ya Taita ilibaki imesimama peke yake. Tofauti zake zilikuwa dhahiri mno.

KWA NINI MBOLOLO PEKEE?

Milima ya Taita ni mwisho wa kaskazini wa mlolongo wa milima ya kale unaoanzia kusini mwa Tanzania na kupita Udzungwa, Uluguru, Nguru, Usambara na Pare. Milima hiyo hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upepo ukipanda mlima hupoa, ukungu hutanda, na msitu hubaki mbichi hata miezi ambayo Voi na Tsavo kumekauka.

Kwa mmea unaohitaji unyevu kila siku, kilele cha mlima ni kama kisiwa na nyika iliyo chini yake ni kama bahari. Mbegu za vayoleti ni ndogo mno, lakini zikiangukia kwenye mchanga mkavu wa nyikani haziwezi kuota. Hivyo mimea iliyobaki kwenye kila mlima imeishi peke yake kwa muda mrefu sana na ikawa na sura yake.

Hali hiyo haikupata maua pekee. Yuko ndege wa msituni aitwaye Turdus helleri kwa jina la kisayansi, na wako viumbe wengine wa milima hii, ambao hawapatikani kokote nje ya Taita.

Mbololo, kaskazini magharibi mwa mji wa Voi, umetengwa na milima ya Dabida kwa bonde. Msitu wake wa asili una ukubwa wa yapata hekta 200. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuupita kutoka upande mmoja hadi wa pili kabla ya saa sita mchana. Ndani ya eneo hilo dogo ndimo ilimo vayoleti yote ya Taita iliyoko porini, ulimwenguni kote.

Hata humo, haioti kila mahali. Hutafuta miamba yenye unyevu, kingo za vijito na mahali penye kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayotanda juu ya mawe mabichi. Juu yake lazima kuwe na miti mirefu.

NYUKI ANAYETETEMESHA UA

Ua la vayoleti halina asali ya kumvutia mdudu. Linachotoa ni chavua tu, nayo imefungiwa ndani ya vile vifuko viwili vya manjano vyenye upenyo mdogo. Nyuki wa mzingani hawezi kuitoa ipasavyo.

Wapo nyuki wengine, wa jenasi ya Amegilla, wanaoweza. Hawa hawaishi kwenye mzinga wala hawatengenezi asali ya kuvuna. Kila jike huchimba tundu lake ardhini. Akifika kwenye ua hulishika, kisha hutetemesha misuli ya mabawa yake bila kuruka. Mtetemo huo hupukutisha chavua kama unga unaotoka kwenye chekecheke. Mtafiti wa wadudu Dino Martins aliwachunguza nyuki hawa wakitembelea vayoleti za Taita, na akachapisha matokeo mwaka 2008.

Habari hii inamhusu mkulima moja kwa moja. Nyanya na biringanya nazo huficha chavua yao kwa namna hiyohiyo, na nyuki wa aina hii huzisaidia kuzaa vizuri. Msitu unaomtunza nyuki wa vayoleti unaweza kumtuma mfanyakazi wa bure katika shamba lililo pembeni mwake. Dawa za wadudu zikinyunyizwa asubuhi nyuki wakiwa kazini, au kingo za udongo wanamotoboa matundu zikichimbuliwa, hasara huingia msituni na shambani kwa pamoja.

KINACHOUMALIZA MMEA HUU

Shirika la kimataifa la IUCN, linaloweka orodha ya viumbe walio hatarini, limeiweka vayoleti ya Taita katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka porini. Sababu zinaeleweka.

Ya kwanza ni kukatwa miti. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu anaweza kukata mti mmoja wa nguzo au wa makaa akiwa hajagusa ua lolote, akaamini hajaharibu kitu. Lakini mti ule ulikuwa mwavuli. Ukishaondoka, jua la adhuhuri hupiga jiwe, kuvumwani hukauka, na majani ya vayoleti huungua. Mmea uliokaa hapo kwa miaka mingi unaweza kufa bila mtu kuushika.

Ya pili ni moto. Moto ulioanzishwa shambani kusafisha magugu ukipanda mlimani wakati wa kiangazi, hula ukingo wa msitu. Kila mwaka ukingo ukirudi nyuma kidogo, sehemu ya ndani yenye ukungu hupungua.

Ya tatu ni miti ya kigeni. Misonobari na mikaratusi ina faida zake kwa mbao na kuni, lakini haileti kivuli cha tabaka kwa tabaka kama cha msitu wa asili. Kuipanda mahali palipokuwa na msitu wa asili hakurudishi makao ya vayoleti.

Ya nne ni kung'oa. Mmea mdogo uliobanwa kwenye ufa wa jiwe hung'oka kwa mkono mmoja. Anayeuchukua huenda anaupenda tu, au anadhani anauokoa. Kwa spishi yenye mlima mmoja, kila kishada kinachoondoka ni sehemu ya akiba yote iliyopo.

Kilifi, kwa upande wake, ina tatizo lingine kwa jamaa wa huko: majabali ya chokaa yanayobeba rupicola huchimbwa kwa ajili ya mawe na saruji. Jabali likivunjwa, halioti tena.

SHERIA YASEMAJE

Ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali kulinda bayoanuwai na rasilimali za vinasaba, na inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kutunza mazingira. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kutekeleza sera za taifa kuhusu misitu na hifadhi ya udongo na maji.

Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kukata, kuchoma au kutoa mazao ya msitu wa umma bila kibali. Sheria hiyohiyo inawapa wakazi wanaopakana na msitu nafasi ya kuunda chama cha misitu cha jamii na kushiriki katika usimamizi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Kuna pia kanuni za mwaka 2006 zinazohusu rasilimali za vinasaba. Mtu yeyote, awe mtafiti au mfanyabiashara, anayetaka kuchukua mmea wa porini kwa ajili ya vinasaba vyake anahitaji kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA) na ridhaa ya wahusika, na panatakiwa kuwe na makubaliano ya kugawana faida. Mwaka 1892, mimea ilipotoka Tanga, ulinzi wa aina hiyo haukuwapo. Leo upo. Mkazi akiona mgeni akikusanya mimea au mbegu msituni, ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi na kumjulisha chifu au afisa wa misitu.

KUIPANDA NYUMBANI BILA KUGUSA MSITU

Anayeupenda mmea huu hana haja ya kupanda Mbololo na kisu. Aina za dukani huzaa kwa jani, na kitalu kidogo chaweza kuanzishwa hata na kikundi cha vijana au akina mama.

1. Nunua mmea wenye afya kutoka kitalu kinachojulikana.
2. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, ukiacha urefu wa sentimita tatu hivi.
3. Chomeka kikonyo kwenye mchanganyiko mwepesi wa mchanga na mboji iliyooza vizuri. Usizamishe jani lenyewe.
4. Mwagilia kidogo, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke.
5. Weka mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja.

Baada ya wiki kadhaa jani hutoa mizizi, na baadaye vichipukizi hujitokeza kwenye kitako cha kikonyo. Vikifika ukubwa wa kushikika, vitenganishe na kila kimoja kipe chungu chake. Mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani chini ya chungu. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa, na udongo ukilowa mno mizizi huoza.

Tahadhari moja: mimea ya dukani isipandwe msituni wala pembezoni mwake. Inaweza kuchanganya damu na ile ya asili, na mchanganyiko huo haurudi nyuma.

KAZI YA MKAZI

Wanaoishi chini ya Mbololo wanaweza kufanya mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Kuni na nguzo zipandwe shambani, mbali na vijito. Anayetaka kuchoma magugu kwanza alime mkanda wa kuzuia moto, na asichome siku ya upepo. Njia za miguu msituni zipite kando ya miamba yenye unyevu, si juu yake. Anayeona vayoleti ikiwa imechanua aipige picha na kuiacha ilipo.

Anayelinda kivuli hicho halindi ua peke yake. Ukungu unaonaswa na miti hiyo ndio unaolisha chemchemi za milima ya Taita, na Mto Voi wenyewe huanzia katika milima hii. Mahali ambapo vayoleti bado inachanua juu ya jiwe, mkazi ana ushahidi wa macho kwamba msitu bado unafanya kazi yake ya maji. Mahali ambapo jiwe limekauka na ua limekwisha, bomba la chini nalo litakuja kuuliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Walimu na wanafunzi wanaweza kutumia maswali haya darasani.

1. Kwa nini vayoleti ya Afrika haihesabiwi kuwa vayoleti ya kweli?
2. Eleza jinsi kukata mti mmoja kunavyoweza kuua mmea ambao haukuguswa.
3. Nyuki wa Amegilla hutoaje chavua, na mkulima wa nyanya anafaidikaje?
4. Kwa nini mmea wa dukani hauwezi kuchukua nafasi ya ule wa Mbololo?
5. Taja chanzo kimoja cha maji karibu na kwenu, kisha uulize wazee: juu yake palikuwa na msitu wa namna gani?